Kitu kisicho na rizistansi kinazuiaje shoti?

fundi_wa_zamu:
Wakuu habari za usiku. Niko zamu, kumetulia, nikawa naperuzi mambo ya Essen kule Ujerumani, kumbe 2014 waliwasha kebo ya superkondakta (material ambayo ikipozwa sana haina rizistansi, yaani haizuii umeme kabisa) iliyochimbiwa katikati ya mji, urefu kama kilomita moja, kilovolti 10 tu lakini iliweza kubeba megawati 40, mzigo ambao wangevutia kebo ya kilovolti 110. Hapo sawa. Kilichonivuruga ni kwamba kwenye laini hiyohiyo walifunga na kifaa cha kubana mkondo wa shoti, na chenyewe ni superkondakta. Mimi nilivyofundishwa ukitaka kubana mkondo unaweka rizistansi, sasa hiki kina sifuri, kinabana na nini? Msinicheke.

Mama_Kilovolti:
Hakuna wa kukucheka mdogo wangu. Hiyo sifuri ina masharti yake: baridi iwe ya kutosha na mkondo usivuke kiwango fulani. Mzigo wa kawaida unapita kama vile hakuna kilichofungwa. Shoti ikipiga, mkondo unavuka kiwango, ile material inaacha usuperkondakta palepale, rizistansi inatokea ndani ya milisekunde chache na mkondo umebanwa. Hakuna rilei (kifaa kinachohisi hitilafu na kuamrisha umeme ukatwe) iliyotoa amri.

Na hapo kwenye muda ndo penyewe. Hezi 50, nusu saiko ni milisekunde 10, kilele cha kwanza cha shoti kinakuja humo. Breka, ile swichi kubwa ya kukata umeme, mpaka rilei ione, iamrishe, kontakti ziachane, moto wa ndani uzimike, milisekunde 60 au 100 zimeshakwenda. Ndo maana breka ya kiloampia 25 inatakiwa ihimili kilele cha kama 63. Na msukumo kati ya basbaa, zile pau nene zinazogawa umeme kituoni, haupandi kistaarabu, mkondo ukiwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Nilishafika kituo fulani asubuhi baada ya shoti ya usiku nikakuta basbaa za shaba zimepinda kama ndizi, insuleta vipande vipande chini, na breka ilitripu vizuri kabisa, kwa muda wake uleule iliosetiwa.

mzee_wa_shaba:
Kwa hiyo ni fyuzi ya bei mbaya. Riakta ya shaba, koili tu, inafanya kazi hiyohiyo na haiombi nitrojeni ya kuipoza. Au tenganisha basbaa, biashara imeisha.

Mama_Kilovolti:
Mzee, fyuzi ikishaungua unaenda dukani, hiki kikipoa kinarudi kazini. Riakta yako ipo njiani saa 24, shoti iwepo isiwepo, mota kubwa zikiwashwa volti inashuka watu wanalalamika. Kutenganisha basbaa kweli kunapunguza shoti, kwa sababu transfoma zikiwa sambamba ndo impidansi (uzuiaji wa jumla wa mkondo) inashuka na mkondo wa shoti unapanda, ila siku transfoma ya upande mmoja ikitoka upande huo wote giza.

Kwenye nitrojeni lakini nakupa haki yako. Ni nyuzi -196, na kila wati moja ya joto inayopenya ndani, friji inakula wati kumi na zaidi kuitoa. Halafu kwa AC ile sifuri si sifuri kamili, kuna kajoto kadogo muda wote. Na baada ya shoti kinakuwa kimepata moto, unakitoa kwenye laini kipoe, sekunde kadhaa au hata dakika, kwa hiyo kama umezoea breka ijirudishe yenyewe fastafasta hapo utakwama.

kijana_wa_maabara:
Nyongeza kidogo, chuoni tulionyeshwa kidonge cheusi cha YBCO, kauri ambayo ni superkondakta, kwenye kikombe cha foam, ukimimina nitrojeni inachemka kama chai, ikitulia unaweka kasumaku juu kanaelea. Nitrojeni ikiisha kanashuka taratibu mpaka kanalala. Zamani hii haikuwezekana kirahisi, superkondakta ya kwanza, zebaki ya kule Leiden, Uholanzi, 1911, ilitaka kama -269, hapo ni heliamu na hela. Mwaka 1986 Bednorz na Müller huko Zürich wakafungua njia ya hizi za kauri, mwaka uliofuata YBCO ikafanya kazi kwenye -180, ndo nitrojeni ikatosha.

fundi_wa_zamu:
Aisee asanteni. Ila sasa kikibana sana, rilei yangu ya ovakarenti, ile inayokatisha mkondo ukizidi, itaona nini? Si itadhani ni mzigo tu?

Mama_Kilovolti:
Ndo swali ambalo wengi hawaulizi. Hakibani mpaka sifuri, kinapangwa kibakize mkondo ulio juu ya seti ya rilei, breka ndo inamalizia kukata. Na rilei za nyuma yake inabidi zipigiwe hesabu upya zote, ukibakiza seti za zamani umejitafutia.

mzee_wa_shaba:
Na umeme wa friji ukikatika?

kijana_wa_maabara:
Pale Essen hawakutumia friji, waliweka tangi la nitrojeni lililokuwa linajazwa na lori.

mzee_wa_shaba:
Haya. Umeme unasubiri lori.