Naomba ushauri: wagonjwa wanaongea shida zao mbele ya foleni nzima

Jameni habari zenu. Niko Kisumu, msaidizi kwa kliniki ya wanafunzi wa chuo kikuu, napima joto, presha na uzito, naandika kwa faili ndio mtu aingie kwa daktari. Sasa meza yangu iko palepale kwa benchi ya kungojea. Mtu akisema ana homa haina neno, huku kando ya ziwa malaria ni ya kila siku, lakini juzi msichana wa mwaka wa kwanza ameinama kuninong'onezea anataka kupimwa HIV na kijana nyuma yake akatoa earphone masikioni kabisa ndio asikie. Msichana akatoka bila kupimwa. Iliniuma sana.

Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka habari za afya zilindwe, lakini mkubwa wangu anasema hakuna chumba. Nimefikiria kuwapatia vikaratasi waandike shida badala ya kusema, ama tuweke redio ifunike sauti kidogo. Wenye mnafanya kliniki kama hizi, Nakuru, Kakamega, Eldoret, mmepanga aje? Na nikimwandikia mkuu wa wanafunzi (dean) wa chuo, mkubwa wangu hataona nimemruka?