Mdominika anayesema "mimi si Mwafrika": anajikana, au tunamwonea?

Mlalahoi wa Bronx: Wakuu, nipo New York mwaka wa sita. Jirani yangu ni mama wa Kidominika (Jamhuri ya Dominika, si kile kisiwa kidogo), mweusi kunishinda. Jumapili anachemsha ndizi mbichi, anaziponda na mafuta, juu anatandaza vitunguu vyekundu vilivyopitishwa kwenye siki. Wanaita mangú. Nikamwambia mama, chakula hiki cha kwetu kabisa. Akacheka: "Sisi si Waafrika, sisi indio", yaani wenyeji wa asili wa Amerika. Sasa utafiti wa DNA uliotangazwa kwao 2016 ulitoa Afrika 49%, Ulaya 39%, wenyeji Wataíno 4%. Mimi nasema anajikana. Nani anabisha?

Bi Mkora: Nabisha. Neno hilo hakulitunga mama wa watu, lilikuwa kwenye kitambulisho. Enzi za dikteta wao Trujillo, 1930 hadi 1961, mtu mweusi kama mkaa aliandikwa "indio" na karani, basi. Halafu uhuru wao wa 27 Februari 1844 waliupata kutoka Haiti, si Hispania. Kwa hiyo kwao "mweusi" maana yake ni yule wa ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1937 askari wa Trujillo waliua maelfu ya Wahaiti mpakani. Husimuliwa kwamba mtu alitakiwa atamke "perejil", jina la majani yanayofanana na kotimiri. Ulimi ukikwama kwenye r, basi wewe Mhaiti, umekwisha.

Msafiri Kae: Na sisi wa pwani je? Nani hana babu aliyeapa kwamba asili yetu ni Shiraz? Tulichekwa weee, mpaka 2023 DNA ya makaburi ya pwani ikaonyesha damu ya Uajemi ipo kweli, tena upande wa baba. Hata hiyo 4% ya Wataíno si sifuri. Mwacheni mama ale mangú yake.

Mlalahoi wa Bronx: Kae, shida yangu si hiyo 4% inayotajwa, ni 49% isiyotajwa. Na ina gharama. Mwaka 2013 Mahakama yao ya Katiba, hukumu 168-13, iliwavua uraia watoto wa wageni wasio na vibali, kurudi nyuma hadi waliozaliwa 1929. Wengi asili yao Haiti, ambako hawajawahi kukanyaga. Sheria ya 2014 ikawarudishia baadhi tu. Na Wadominika wenyewe? Wamejaa hapa New York mtaa wa Washington Heights, wengine walivuka kwenda Puerto Rico, kisiwa cha Marekani, kwa vimashua vya mbao bila karatasi yoyote. Mdominika mwenzao Adriano Espaillat aliishi Marekani bila vibali utotoni. 2016 akachaguliwa mbunge.

Mtoto wa Lubumbashi: Mnasema kama vile wote wamekana. Villa Mella, pembeni ya Santo Domingo, kuna udugu unaoitwa Congos, jina letu hilohilo. UNESCO iliutambua 2001. Wanapiga ngoma kwenye misiba, na wimbo mmoja unamtaja Kalunga. Kwa Bakongo, kalunga ni maji yanayotenga walio hai na wafu. Muulize huyo mama kwao ni wapi kwanza.

Mlalahoi wa Bronx: Nimemuuliza leo kwenye lifti. San Pedro de Macorís. Bibi yake alitoka visiwa vya Waingereza, familia ikafuata kazi ya miwa. Nikamwambia, kumbe na nyinyi wahamiaji weusi, mbona hamkuguswa? Akajibu bila kusita: "Bibi alikuwa na karatasi za Mwingereza."