Ndugu yangu ana usonji (autism), nikifunga komeo anapiga nduru. Nifanyeje?

Dada_wa_Umoja: Wadau, hamjambo. Naishi Umoja, Nairobi, na mdogo wangu wa miaka 19, ana usonji, haongei. Nilimtoa ushago mwezi wa nane. Mchana yuko sawa, anapanga vifuniko vya soda kwa rangi, hataki kusumbuliwa. Usiku nikisukuma komeo tu, nduru, anajiuma mkono mpaka alama za meno zinabaki. Majirani wa ploti wamenishtaki kwa mwenye nyumba. Naomba mbinu ya kumzoesha, haraka, kabla ya Desemba.

KondaMstaafu: Pole dada. Kuna kijana alikuwa anapanda gari langu na mamake, honi ikilia anaingia chini ya kiti. Dereva wangu akaacha kupiga honi kabisa, abiria wakatuona wehu. Zile siku barabara ya Outering ilikuwa vumbi tupu...

Mama_Sala: Mpeleke akaombewe. Usiku una mambo.

Mwalimu_Ngara: Mbona komeo tu, si kelele nyingine? Aliwahi kufungiwa mahali? Na Desemba kuna nini?

Dada_wa_Umoja: Hayo ni ya zamani. Mimi nimeuliza habari ya mlango.

Mwalimu_Ngara: Ndiyo hiyo habari ya mlango, dadangu.

Dada_wa_Umoja: Sawa. Mama alipofariki tulilelewa na mjomba. Nikiwa bweni, wageni wakija mjomba alikuwa akimfungia mdogo wangu stoo ya mahindi. Lakini msimhukumu, ndiye alinilipia karo mpaka chuo, na sasa ameokoka. Desemba ana kliniki hospitali ya Kenyatta, atakaa kwangu. Nishamtumia nauli.

Fundi_Donholm: Mjomba aje alale kwangu, bora ajue kupika chapati.

Wakili_wa_Mtaa: Katiba ya 2010, ibara ya 29, inakataza ukatili kwa mtu yeyote. Ndugu mnafichana sana.

Mpelelezi_254: Hii imetungwa. Kijana haongei, wewe ulikuwa bweni. Ya stoo ulijulia wapi?

Mama_Sala: Hata mimi nilishuku!

Dada_wa_Umoja: Haongei kwa mdomo, anaandika kwa simu. Aliandika: stoo, giza, panya. Jirani wa kule akaniambia ni kweli.

Mpelelezi_254: Weka picha ya hiyo meseji.

Mwalimu_Ngara: Usiweke, ni maneno yake. Nimefundisha watoto wa usonji miaka mingi. Mtu huzaliwa na usonji, hauletwi na malezi. Kiwewe ndicho huja juu yake, na kwa asiyeongea watu hukiita ukaidi. Ukimzoesha komeo kwa nguvu unamrudisha stoo. Weka kitasa, ufunguo akae nao yeye, ajue anaweza kutoka. Kabla ya kufunga mwonyeshe kila siku kwa utaratibu uleule. Usimlazimishe kusimulia. Kliniki ya afya ya akili iko hapo Kenyatta, na hospitali ya Mathari pia, uliza anayejua usonji. Na mjomba: kijana umemuuliza?

Dada_wa_Umoja: Nikimkatalia mzee nitaonekana sina shukrani. Hajapata pengine pa kukaa.

KondaMstaafu: Shukrani ni yako, mpe mzee pesa ya lojing'i. Atakayelala nyumba moja na mtu aliyemfungia ni kijana.

Mpelelezi_254: Bado nangoja picha.

Dada_wa_Umoja: Fundi anakuja kesho kuweka kitasa. Nimempa mdogo wangu simu, nikamwandikia "mjomba aje?" Amejibu hapana, mara tatu. Shangazi yuko Kasarani, nampigia sasa hivi.