Incendies au Sometimes in April: nimwekee mama ipi?

Mwana Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu kwao Ngara. Mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda kama 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya siku moja, yeye alikuwa huko. Sisi wanawe tumekulia Dar na hajawahi kutusimulia. Ukimuuliza, anainuka kwenda jikoni. Jumapili tunakutana wote nyumbani, nataka tutazame filamu pamoja, huenda akafunguka. Nimebaki na Incendies ya Denis Villeneuve (2010) na Sometimes in April ya Raoul Peck (2005). Mliotazama zote, ipi?

Binti Ilala
Kwangu Incendies ni nzito kuliko zote nilizowahi kuona. Mama anafia Kanada, mapacha wake wanakabidhiwa barua mbili: moja ya baba waliyedhani alishakufa, nyingine ya kaka wasiyejua kama yupo. Mpaka zifike, kaagiza azikwe bila jeneza, kifudifudi, kaburi lisiwekwe jina. Pata picha wosia huo unasomwa msibani kwetu! Nchi haitajwi, ila ukiijua vita ya Lebanoni ya 1975 hadi 1990 utaitambua. Tukio la basi lilinishinda, nikazima, nikakaa nje barazani hadi saa sita usiku.

Lakini mama yako usimwekee. Ni hadithi ya watoto wanaofukua siri za mama yao. Ataona mmemtega.

Mzee wa Tandika
Naungana na binti. Halafu ni Kifaransa na Kiarabu, maandishi ya chini hayakupi nafasi ya kupumua. Mama mtu mzima atachoka.

Sometimes in April, ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ina jambo letu: Arusha. Augustin anakwenda kumwona nduguye Honoré, aliyekuwa mtangazaji wa redio ya chuki, sasa yuko mbele ya mahakama ya Umoja wa Mataifa. Mahakama ile ilifanya kazi pale Arusha hadi 2015, na vijana wengi hawajui. Siri anayoitafuta Augustin ni moja: mkewe alipatwa na nini? Na mwenye jibu ni nduguye.

Mama Shani
Kaka zangu, nawaomba mwende taratibu. Mimi nilimwekea marehemu baba hiyo ya Peck, naye alifanya kazi kambi ya wakimbizi ya Benaco, huko Ngara. Ilipoanza sauti ya redio tu, akasema "zima". Wiki nzima hakula vizuri. Ile ya Lebanoni ni mbali, mtu analia kwa ajili ya wengine. Hii ya Rwanda ni watu aliowapa maji kwa mkono wake.

Binti Ilala
Mama Shani, hapo umenigusa. Sikulifikiria la ukaribu.

Mwana Kigamboni
Shikamoo Mama Shani, na asante. Kumbe nilikuwa nachagua filamu kabla ya kumuuliza mwenyewe. Incendies tutaitazama sisi watoto Jumamosi kwa dada, Mbagala. Jumapili sitawasha kitu. Nitakwenda naye huko huko jikoni, nimenye ndizi, nimwambie nimesoma habari za Rusumo. Akitaka ya Peck, ninayo.

Mama Shani
Marahaba mwanangu. Kaa naye hata akinyamaza.