Ulisoma hapo hapo, ukapiga HAPANA, halafu unacheka na kijiko cha pilau mkononi!

Dada wa Shifti

Wakuu, naandika nikiwa bado na sare za kazi. Sijavua hata viatu, maana nikivua nitalala, na nikilala hasira itapungua. Sitaki ipungue.

Jana kwenye ubatizo, mliokuwepo mliona. Yeye mnamjua. Yule ambaye hakuna shughuli ya Waswahili huku California itakayoanza kabla hajafika wala kwisha kabla hajashika maikrofoni. Yule wa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Basi, huyo huyo.

Watu tunakula. Mama mmoja akauliza kwa nini chuo chetu cha jamii hakitajengewa maabara mpya za unesi, baada ya ile bondi, yaani mkopo wa majengo unaolipwa kwa kodi ya nyumba, kuanguka kwenye kura ya Novemba. Swali la kawaida kabisa. Binti yangu yuko pembeni, miaka 18, mara yake ya kwanza kupiga kura, na Januari anaanza hapo hapo chuoni. Huyu bwana akainua kijiko cha pilau, kimejaa, na nyama juu yake, akasema: "Mimi nilipiga HAPANA. Nilipe kodi kwa ajili ya chuo cha wasukuma vitanda?" Akacheka. Akakiingiza kijiko mdomoni. AKATAFUNA.

Sasa niulizeni, leseni yake ya unesi kaipatia wapi? Alishuka nayo kwenye ndege? Alisoma HAPO HAPO, kwenye jengo lile lile lenye lifti inayolia kama mbuzi aliyeona kisu. Nilimpeleka mimi, muhula mzima, saa kumi na moja alfajiri, gari halina hita, ananikariria majina ya mifupa mpaka nikayajua mimi kabla yake. Na jengo lenyewe lilitokana na bondi waliyoipitisha watu wasiomjua hata kwa sura, wakati yeye bado anaingilia daladala dirishani Temeke. Hakuna aliyeuliza huyo mgeni atakayekuja ni nani. Walijenga, akaingia, akatoka nesi. Sasa kafunga mlango na ufunguo kautia mfukoni.

Na kijiko kiko hewani, wakuu. Kijiko kiko hewani na mtoto anamtazama.

Hiyo kodi inayomliza tuipige hesabu. Sheria ya California kwa bondi za vyuo hivi ina ukomo: isizidi dola 25 kwa mwaka kwa kila dola 100,000 za thamani ya nyumba kwenye vitabu vya kodi. Na thamani hiyo siyo bei ya sokoni. Tangu Pendekezo la 13, sheria waliyoipitisha wapiga kura mwaka 1978, inaanzia kwenye bei uliyonunulia, na haiongezwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka uuze. Yeye alinunua zamani, anajisifia hilo kila kikao. Haya, vitabu viseme nyumba yake ni 400,000. Hiyo ni dola 100 kwa MWAKA. Mbuzi mmoja wa kuchoma huku anapita hapo! Wamekosa watoto maabara kwa sababu ya mbuzi mmoja, tena asiyetimia miguu minne.

Na pesa ile kisheria haigusi mishahara ya walimu wala ya wakubwa wa chuo. Ni majengo na vifaa, na lazima iwepo kamati ya wananchi ya kuikagua. Yote hayo yalikuja kwa posta kwenye kijitabu.

Tena hatukuzidiwa! Waliosema NDIYO walikuwa wengi kuliko waliosema HAPANA. Ila inatakiwa asilimia 55, na hatukufika. Mimi na binti tulikaa jikoni na zile karatasi, tukasoma mstari kwa mstari, akatia saini kwenye bahasha taratibu kama anasaini cheti cha ndoa, tukaipeleka wenyewe sandukuni. Baada ya hapo kila jioni anafungua ukurasa wa kaunti, maana kura za posta huendelea kuhesabiwa siku nyingi. Kila jioni! Anakuja kuniambia mlangoni, "Mama, tumepanda kidogo." Halafu mtu mzima, na pilau lake, anamwambia usoni kwamba anakokwenda ni kwa wasukuma vitanda.

Ndiyo, tunasukuma. Usiku wa jana nimesukuma kumi na vinne. Na yeye alianza kwa kusukuma, kabla hajapata hiyo miwani.

Mtoto hakumaliza sahani. Garini ananiuliza, "Mama, kwani mjomba hakusoma pale?" Nikawasha redio.

Kile kijiko nitakiota.

Kiti cha Mbele

Nimeshakaa. Nani ana karanga?

Mzee Kobe

Pole sana dada. Ila jina! Ni yule wa gari jeusi au yule wa "mimi na balozi tulikuwa tunaongea"?

Dada wa Shifti

Simtaji. Mnamjua.

Tumbili Mstaafu

Miwani ya jua ndani ya ukumbi ni watu watatu, na mmoja ni kaka yangu. Tupunguzieni.

Mwana wa Kisauni

Ngojeni kwanza, mie niko Mombasa, sijafahamu. Waliosema ndiyo ni wengi, na bado mumeshindwa? Huku rais akipata nusu ya kura na moja juu, na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, keshaingia Ikulu. Maabara ya chuo yataka kura kuliko rais?

Dada wa Shifti

Ndiyo, kaka yangu. Na hapo walishapunguza. Kabla ya Pendekezo la 39 la Novemba 2000 ilitakiwa theluthi mbili. Hii 55 ndiyo ahueni.

Mwana wa Kisauni

Ahueni!

Niko Sacramento

Naomba nisitukanwe. Mimi huko chini ya karatasi ya kura niliacha wazi. Baada ya rais yakaja maswali kama mtihani wa darasa la saba, majaji, wadhamini wa chuo, mabwawa, sijui nini. Nikafika katikati macho yakauma, nikafunga bahasha.

Dada wa Shifti

Karatasi zinatumwa siku 29 kabla ya uchaguzi. SIKU 29 ilikuwa juu ya friji yako! Macho yaliuma siku zote 29?

Niko Sacramento

Nilisema nisitukanwe.

Hesabu Kali

Mwacheni, hajaua mtu. Asilimia inapigwa kwa waliojibu swali hilo tu, aliyeacha wazi hahesabiwi kokote. Mwenye madhara ni wa HAPANA. Kwa kipimo cha 55, kila HAPANA 9 zinahitaji NDIYO 11 kuzifuta. Kura yake ina nguvu kuliko yako, kwa sheria kabisa.

Dada wa Shifti

Kwa hiyo mimi na binti tulimfuta yeye, mke wake akaja kutufuta sisi. Maana na yeye alikuwa anacheka pale. Lakini yeye angalau alishika glasi, hakushika kijiko.

Bwana Mistari Sita

Mimi namtetea. Kodi ya nyumba yangu ina mistari sita: shule ya msingi, sekondari, chuo, maji, bustani, na mmoja sijawahi kuujua. Kila mmoja ukiuuliza unasema "mimi ni mbuzi mmoja tu". Mbuzi sita ni zizi! Halafu Novemba hiyo hiyo ya 2024 jimbo zima tulipitisha Pendekezo la 2, bondi ya dola bilioni 10, na bilioni 1.5 ni za vyuo hivi hivi. Hazitoshi?

Dada wa Shifti

Bilioni 1.5 gawanya kwa vyuo 116. Gawanya mwenyewe, nakusubiri.

Bwana Mistari Sita

Kama milioni 13 hivi kila kimoja.

Dada wa Shifti

Jengo moja la sayansi linameza hizo kabla halijaezekwa. Na wewe kupinga ni haki yako, sikugombi. Ungesema "mistari imezidi", ningekupakulia pilau mwenyewe. Huyu alisema WASUKUMA VITANDA. Mbele ya mtoto.

Mtoto wa Houston

Nyie mnalia kwa kuwa mko ndani ya mpaka. Huku Texas ukikaa nje ya wilaya ya chuo, yaani eneo linalolipa kodi ya chuo hicho, ada yako inakuwa kubwa kuliko ya aliye ndani. Mimi na jirani tunatenganishwa na barabara. Barabara yenyewe haina hata taa! Yeye analipa ada ya mwenyeji, mimi ada ya mtu wa kuja, na asubuhi namwomba lifti. Kuna kitu kinauma kama kumshukuru mtu unayemlipia tofauti?

Grini Kadi Mwaka wa Nne

Heri yenu mnaokosana kwa kura. Mimi kodi hiyo ya nyumba nailipa kupitia pango, mwenye nyumba hanionei huruma, na kupiga kura siruhusiwi mpaka niwe raia. Huyo bwana angeniazima yake siku moja tu.

Kipara cha Asubuhi

Mleta mada, uzi mrefu kama foleni ya Mbagala, kesi yenyewe ni kijiko. Kwa ada ya dola 46 kwa yuniti, kile kipimo chenu cha masomo, hicho si chuo, hiyo ni sadaka. Huku Dar kijana wangu ana mwezi wa tatu anafungua simu kuangalia kama mkopo wa chuo umetoka. Mkiona maabara zimewazidi, tumeni huku.

Dada wa Shifti

Ni dola 46 kwa sababu kuna watu wamelipa kodi miaka yote hiyo, na majengo yapo kwa sababu walipiga NDIYO! Ndicho ninachosema tangu alfajiri. Pole kwa kijana, kweli kabisa. Lakini yeye hajachekwa na aliyesomeshwa na hiyo hiyo sadaka.

Bi Iliki

Samahani kuingilia. Pilau lenyewe lilikuwaje? Dada yangu alikuwepo, anasema lilikuwa na nyanya.

Mwana wa Kisauni

Nyanya moja si mbaya.

Bi Iliki

Moja? Ukishatia nyanya huo ni wali mwekundu, kaka. Kwetu Unguja ukipeleka hicho shughulini bibi harusi anarudishwa kwao.

Tumbili Mstaafu

Sasa mada imekuwa tamu.

Dada wa Shifti

Jamani, turudi kwenye mada. Mtoto amekuwa kimya siku nzima.

Mpishi wa Jana

Mimi ndiye niliyepika, nimesoma kimya, sasa basi. Hakukuwa na nyanya HATA MOJA kwenye lile sufuria. Rangi ile ni vitunguu, kilo kumi, nimesimama navyo tangu saa tisa usiku mpaka vikawa kahawia. Mtu asiyejua kukaanga kitunguu ndiye anayedhani kila rangi ni nyanya.

Bi Iliki

Kilo kumi kwa watu wangapi?

Mpishi wa Jana

Watu mia moja na ishirini, na walirudia. Na kwa kuwa wote mpo hapa: hotpoti langu kubwa jekundu liliondoka na nani? Chini lina plasta yenye jina langu. Sitaki maneno, nalitaka kabla ya Jumamosi, nina shughuli nyingine.

Kiti cha Mbele

Nililiona linaingia kwenye gari jeusi.

Mpishi wa Jana

Jeusi lipi? Yalikuwa manne.