Snea ya Ludwig ya miaka ya 70: kromu imeota malengelenge, ning'arishe au niache?

Raskazoni

Wakuu, habari za jioni. Mjomba wangu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya dansi enzi zile vyombo vilikuwa mali ya shirika la umma. Bendi ilipovunjika, snea (ile dramu ndogo yenye nyuzi za chuma chini) ikabaki kwake, na sasa amenikabidhi mimi kwa kuwa napiga kanisani. Ni Ludwig, beji ya bluu na kijani cha zeituni, imeandikwa Chicago. Upana inchi 14, kina inchi 5, lagi (vile vishikio vya bolti za kukaza ngozi) kumi. Miaka yote imekaa kwenye chumba kinachoelekea bahari hapa Tanga.

Kwa mbali inawaka vizuri. Ukiisogelea, bodi imejaa vidoti vyeupe, na kuzunguka lagi kromu imevimba. Ukipitisha kucha inabanduka vipande vyembamba vyenye makali. Rimu, zile pete zinazobana ngozi, zina kutu nyekundu. Kuna fundi mjini anayeng'arisha rimu za magari, anasema kwa grenda yake itakuwa kioo. Kwaya ina tamasha Krismasi, natamani ipendeze. Mjomba anasema nisiiguse. Nishaurini.

Bamburi254

Hongera kwa urithi huo, kaka. Rimu zisikutie wasiwasi. Chukua foili ya jikoni, ikunje, ichovye kwenye maji, sugua taratibu. Mimi nilisafisha dramu za shule hivyo na kutu yote ikatoka. Kwa bodi jaribu siki, wacha ikae usiku kucha.

Chacha_Midundo

Mpe huyo wa grenda. Atoe kromu yote mpaka alumini ionekane, kisha apige polishi. Nimeziona mtandaoni za hivyo, zinang'aa balaa.

SneaYaZamani

Ndugu Raskazoni, kabla ya kumpa mtu yeyote chombo hicho, naomba unisome mpaka mwisho. Kazi yangu ni kurudisha snea za chuma za zamani, nyingi za makanisa na bendi za hapa Dar, na hiyo uliyoieleza naijua.

Kwa maelezo yako hiyo ni Supraphonic, wenyewe wanaiita LM400. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ludwig walikuwa wanaitengeneza kwa shaba ya njano iliyopakwa kromu, halafu mnamo 1963 wakahamia kwenye alumini. Beji yako ni ya baada ya hapo, kwa hiyo nategemea ni alumini. Hakikisha: weka sumaku kwenye bodi. Ikikamata kwa nguvu ni chuma. Isipokamata, fungua lagi moja uchungulie ukingo wa tundu la skrubu. Ukiona njano ni shaba, ukiona rangi ya fedha ni alumini. Hata mkono utakuambia, shaba ni nzito karibu mara tatu ya alumini.

Sasa hayo malengelenge. Huo si uchafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi, na utando huo unaifanya nikeli na kromu zisishike sawasawa. Kromu yenyewe ina vitundu vidogo sana. Hewa ya chumvi na jasho la mikono hupenya humo, na pale nikeli inapogusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, zinafanya kazi kama betri: anayeliwa ni alumini. Anachoacha ni unga mweupe, na unga huo ukiongezeka unaisukuma kromu juu mpaka inapasuka. Kwa hiyo chini ya kila kidoti cheupe kuna kishimo. Ukisugua sana utabandua kromu iliyokuwa bado nzima pembeni, na kishimo utakikuta palepale.

Siki ya Bamburi usiiweke kwenye bodi. Ni asidi, ikishaingia chini ya kromu huwezi kuitoa. Magadi ya kuzibulia mabomba ndiyo usithubutu kabisa, alumini inachemka humo. Foili kwa rimu nakubaliana naye, maana rimu zako ni chuma chenye kromu na foili ni laini kuliko kromu. Stiliwaya ya kusugulia sufuria, hapana.

Chacha, nimekuelewa, na ni kweli zipo zilizovuliwa kromu zikapendeza. Lakini kromu ni ngumu mno na alumini iliyo chini yake ni laini mno. Gurudumu linahangaika na kromu, likishatoboa tu linachimba alumini. Fundi wa rimu za magari amezoea chuma kinene. Bodi ya snea ni bati jembamba. Halafu kuna ule mkunjo wa katikati, na kuna ukingo ambapo ngozi inalala, na kuna bonde dogo chini zinapopita nyuzi. Ukingo ukiliwa upande mmoja, snea haitatuni tena. Vumbi la kromu na nikeli nalo si la kuvuta kifuani. Na wakusanyaji wa Marekani, ambako ilitengenezwa, wanazitafuta zikiwa na kromu yake ya kiwandani.

Ningekuwa na hiyo snea mezani ningefanya hivi. Piga picha kila upande. Fungua lagi moja moja, kila moja na skrubu zake kwenye mfuko wake wenye namba. Ndani ya lagi utakuta nati na springi inayoishikilia. Safisha nati, tia tone la mafuta ya cherehani, na ukisikia springi inalia weka kipande kidogo cha sponji. Bodi ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini kwenye kona, isuuze vizuri chumvi itoke, kisha kausha hadi ndani ya matundu. Beji usiitoe. Imeshikwa na pete ya tundu la hewa, na pete hiyo ukiing'oa hairudi. Usiipake polishi yoyote pia, rangi itafutika.

Kromu iliyokwisha kuinuka na kukata vidole, bandua hiyo tu, kwa kijiti cha mbao. Unga mweupe utoe kwa mswaki mkavu. Mwisho paka nta ya magari, tabaka jembamba, ndani na nje, na hasa kwenye vishimo, ili unyevu usipate pa kuingilia. Rudia kila miezi michache maadamu unaishi Tanga. Vidoti vitabaki. Sauti haijaguswa hata kidogo, na sauti hiyo ndiyo iliyoifanya snea hii irekodiwe kila mahali. John Bonham, mpiga dramu wa bendi ya Led Zeppelin, alitumia Supraphonic kama hii, ila yenye kina cha inchi 6.5.

Mjomba wako ana haki. Msikilize.

Bamburi254

Nimefuta wazo la siki. Asante mkuu. Je, hii ni kwa alumini tu?

SneaYaZamani

Shaba ni habari nyingine, kromu inaishika vizuri na mara nyingi uchafu tu ndio unaoonekana. Hapo kitambaa na polishi laini ya kromu vinatosha. Acrolite, ambayo pia ni ya Ludwig na ni alumini, haina kromu kabisa. Imetiwa utando mgumu wa oksidi kiwandani, ndiyo maana unaikuta imezeeka bila malengelenge. Hiyo ioshe tu, ukiing'arisha unautoa utando. Na kama ukibahatika kukutana na zile za miaka ya 1920 zenye nikeli nyeusi juu ya shaba na maua yaliyochongwa, weka polishi mbali. Ule weusi ni tabaka jembamba sana.

Raskazoni

Shikamoo mkuu, nimeelewa. Sumaku haikukamata, na tundu la skrubu ni rangi ya fedha. Fundi wa grenda nimemwambia basi. Moja la mwisho: ngozi zote mbili zimekufa. Duka la hapa lina ngozi za inchi 14 za juu tu. Nifunge hiyo pande zote mbili?

SneaYaZamani

Marahaba. Hapana, ya chini iwe ile maalumu ya upande wa nyuzi, ni nyembamba mno ukilinganisha na ya juu. Ukifunga nene, nyuzi hazitaitika ukipiga polepole. Agiza Dar, haina uzito, hata basi litakuletea. Wakati wa kufunga, kaza bolti kwa vidole kwanza zote kumi, kisha ufunguo nusu mzunguko, ukivuka upande wa pili kila mara. Na kabla hujafunga ya chini, nitumie picha ya lile bonde la nyuzi nilione.