Naomba ushauri: pH ya tangi la samaki inakataa kushuka

Habari zenu wakuu. Nina tangi la lita 80 hapa nyumbani Dar, lina samaki aina ya gapi na neon tetra 10. Maji natumia ya kisima. Nikipima, pH (kipimo cha tindikali ya maji; namba ikipanda, tindikali inapungua) inasoma 8.2. Gapi wanaogelea vizuri tu na kuzaa wanazaa, ila neon kwao ni mito ya Amazon, maji laini (yenye madini machache) na yenye tindikali kidogo. Ule mstari wao wa buluu umefifia, wanajibanza nyuma ya filta, na juzi asubuhi nimekuta wawili wamekufa. Imeniuma sana.

Nilijaribu siki. Ikashuka hadi 7.2, kesho yake ikarudi palepale. Nimeacha, maana kuyumba huko kunawachosha samaki kuliko pH yenyewe.

Kuna mawe ya matumbawe na makombe niliyookota ufukweni nikapambia chini. Nahisi chokaa yake ndiyo inayopandisha, leo nayatoa yote.

Sasa, ili kuishusha pH, nikichanganya maji ya mvua, nianze na kiasi gani kila wiki? Na majani makavu ya mkungu, kwa lita 80 yanatosha mangapi? Aliyewahi kufuga neon kwa maji ya kisima anisaidie tafadhali.